Ulinzi wa moyo unaanzia kwenye upungufu, si kwenye chupa ya vidonge

Mwaka 1987 Paul Pion, daktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha California mjini Davis, pamoja na wenzake, waligundua kwamba paka waliokuwa wakiletwa kutibiwa moyo uliotanuka walifanana kwa jambo moja: damu yao ilikuwa na taurini, kirutubisho cha jamii ya asidi amino, kidogo mno. Hawakuwa paka wa kuokoteza jalalani. Walilishwa chakula cha dukani ambacho, kwa vipimo vya wakati ule, kilihesabiwa kuwa kamili. Walipoongezewa taurini, mioyo iliyokuwa imelegea ikaanza kubana sawasawa tena, na ugonjwa uliokuwa ukiua ukawa unatibika. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Science, watengenezaji wakaongeza taurini kwenye chakula cha paka, na maradhi hayo yakapungua sana.

Kisa hiki kinapendwa na wauza virutubisho, nami nakipenda pia, ila wao hukisoma nusu. Husema: taurini iliponya moyo, basi nawe nunua taurini. Nusu inayoachwa ni kwamba paka wale walikuwa na upungufu. Mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha, na chakula chao hakikuwapa. Walioponywa ni waliokosa.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuishike, kwa sababu rafu za maduka ya dawa mijini kwetu zimejaa chupa za arjinini, taurini na mchanganyiko wa asidi amino (molekuli ndogo ambazo nyingi ni matofali ya kujengea protini) zinazodai kuzilinda seli za moyo. Sayansi inayotajwa kwenye karatasi za matangazo mara nyingi ni ya kweli. Hitimisho ndilo la uongo. Asidi amino hulinda seli ya moyo pale ulinzi wake ulipopungukiwa. Kwa mwenye nazo za kutosha, ushahidi kwamba nyongeza humlinda zaidi ni mdogo, na mara nyingine nyongeza imeonekana kudhuru.

Tuanze na moyo wenyewe. Unapiga takribani mara 100,000 kwa siku, na ili kumudu kazi hiyo, karibu theluthi moja ya ujazo wa kila seli ya misuli yake ni mitokondria, sehemu zinazochoma chakula kwa oksijeni na kutoa nishati. Katika uchomaji huo elektroni chache huponyoka njiani na kudakwa na oksijeni. Hapo huzaliwa superoksidi, kisha haidrojeni peroksidi, na peroksidi ikikutana na madini ya chuma hutokea radikali huru (molekuli zinazopora elektroni za wengine) kali zaidi, zinazoharibu utando wa mafuta wa seli, kupinda protini na kukata DNA. Zinapozidi uwezo wa seli kuzizima, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidisho.

Ngozi ikiharibika hubadilishwa. Moyo hauna nafasi hiyo. Mwaka 2009 Olaf Bergmann, Jonas Frisén na wenzao wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walitumia kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, kukadiria umri wa seli za moyo wa binadamu. Walikuta mtu wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na akifika miaka 75 kiwango kimeshuka hadi asilimia 0.45. Kwa maneno mengine, nyingi kati ya seli ulizozaliwa nazo moyoni ndizo utakazozikwa nazo. Zinapaswa kujilinda miongo mingi, pigo kwa pigo, bila mrithi.

Ulinzi wao mkubwa ni glutationi, molekuli ndogo iliyoungwa kwa asidi amino tatu: glutamati, sisteini na glisini. Kazi yenyewe inafanywa na sisteini, kwa kuwa ndiyo yenye salfa, na salfa hiyo hutoa elektroni za kuizima peroksidi na kuigeuza maji. Sisteini ndiyo pia huwa adimu kuliko zile mbili. Seli iko kama fundi aliyerundikiwa mchanga na kokoto lakini akapewa mifuko miwili tu ya saruji: ukuta utafika pale saruji itakapoishia. Sisteini hutoka kwenye chakula moja kwa moja, au mwili huitengeneza kutokana na methionini, asidi amino nyingine yenye salfa, ambayo nayo lazima iliwe.

Lakini glutationi peke yake ni nzito wa kazi. Inahitaji kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia, kiitwacho glutationi peroksidesi, na katika kitovu cha kimeng'enya hicho imekaa asidi amino ya 21, selenosisteini: sisteini ambayo nafasi ya salfa yake imechukuliwa na madini ya seleni. Ilitambuliwa Marekani mwaka 1976 katika maabara ya Thressa Stadtman. Binadamu ana jeni 25 za protini zenye asidi amino hii, na moja kati ya hizo protini ina kazi mahususi ya kuokoa mafuta ya utando wa seli yasiharibiwe. Seleni inatoka ardhini. Udongo ukiikosa, nafaka inaikosa, na anayeishi kwa nafaka hiyo anaikosa.

Taurini ina njia yake, na ni ya ajabu. Si tofali la kujengea protini. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mitokondria huipachika taurini kwenye baadhi ya molekuli zinazobeba asidi amino wakati protini zinapoundwa. Isipokuwepo, mitokondria hushindwa kuunda vizuri vipande vya mtambo wake wa kwanza wa kupitishia elektroni, mtambo hulegea, na elektroni zinazoponyoka huongezeka. Kwa hiyo taurini haikimbizi radikali moja moja kama matangazo yanavyosema. Inasaidia mtambo usivuje. Ukilielewa hilo unaelewa pia kwa nini mtambo uliokwisha kukamilika haufaidiki kwa kumwagiwa taurini zaidi.

Ushahidi mzito kuliko wa paka ni wa watoto wa China. Mwaka 1935 uliripotiwa katika wilaya ya Keshan, mkoa wa Heilongjiang, ugonjwa uliokuwa ukiwaua hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa: moyo unatanuka, mapigo yanavurugika, mgonjwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Ugonjwa ulipewa jina la wilaya hiyo. Baadaye ilionekana kwamba unafuata ukanda unaoanzia kaskazini mashariki na kushuka hadi kusini magharibi mwa nchi, na ukanda huo ndio wenye udongo uliokosa seleni. Watu wake walikuwa wakulima waliokula walichovuna, msimu baada ya msimu, pasipo chakula cha kutoka mbali kuziba pengo.

Mwaka 1974, katika wilaya ya Mianning mkoani Sichuan, watoto waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya seleni na wengine vidonge vitupu, visivyo na dawa. Mwaka huo, kati ya watoto 3,985 waliopewa vidonge vitupu, 54 waliugua. Kati ya 4,510 waliopewa seleni, waliugua 10. Tofauti iliendelea mwaka uliofuata, na hatimaye watoto wote wakapewa seleni. Sijui majaribio mengi ya lishe na moyo yenye jibu lililo wazi kiasi hiki.

Hata hivyo kisa cha Keshan hakikuishia kwenye seleni. Ugonjwa ulipanda na kushuka kwa majira na kwa miaka, jambo ambalo upungufu wa udongo peke yake hauwezi kulieleza, kwani udongo haubadiliki kila mwaka. Watafiti wakashuku virusi vya koksaki. Miaka ya 1990 Melinda Beck na wenzake nchini Marekani walichukua aina ya virusi hivyo isiyodhuru moyo, wakaviingiza kwenye panya waliokosa seleni, na virusi vikabadilika kijenetiki vikawa vya kuharibu moyo. Vilivyobadilika viliweza kuharibu moyo hata wa panya aliyelishwa vizuri. Jambo hili lilinishangaza nilipolisoma na bado linanishangaza. Upungufu wa lishe kwa mmoja unaweza kuzaa kirusi kikali kwa jirani yake aliyeshiba.

China hiyohiyo ina upande wa pili. Huko Enshi, mkoani Hubei, ambako mawe na udongo vina seleni nyingi kupita kiasi, miaka ya 1960 watu walinyonyoka nywele na kucha kwa sumu ya seleni ileile. Madini yaliyookoa mioyo Mianning yalikuwa yakiangusha nywele Enshi.

Sasa tuone kinachotokea ukiwaongezea asidi amino watu ambao shida yao si upungufu. Arjinini ndiyo mfano bora, kwa sababu nadharia yake ilikuwa nzuri mno. Kutokana na arjinini, kuta za mishipa hutengeneza nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa na kupunguza mkazo wa oksidisho. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo ndio uliowapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Basi madaktari wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, wakafanya jaribio kwa wagonjwa 153 waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Nusu walipewa arjinini, gramu 3 mara tatu kwa siku, kwa muda wa miezi sita. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Waliotumia arjinini walikuwa wamekufa sita, na kundi la vidonge vitupu hakuna hata mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Mishipa yao haikuwa imelainika, wala moyo haukuwa umeongeza nguvu.

Wagonjwa sita ni wachache, na idadi hiyo haitoshi kusema kwa uhakika kwamba arjinini ndiyo iliyowaua. Inatosha kusema haikuwasaidia. Sababu ya kutosaidia inaeleweka kwa kemia. Ndani ya seli tayari kuna arjinini nyingi kuliko kimeng'enya kinavyoweza kutumia. Tena, katika mshipa uliougua, kimeng'enya hicho hupoteza msaidizi wake, na badala ya kutoa nitriki oksidi hutoa superoksidi. Kukiongezea malighafi hakurekebishi hitilafu hiyo, kwa kuwa kilichokosekana hakikuwa arjinini.

Kuna sababu nyingine, ya ndani zaidi, ya kutotaka kuzima kila radikali. Mwaka 1986 Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walibana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika tano, wakaachia, wakafanya hivyo mara nne, kisha wakaubana kwa dakika 40. Ungetarajia moyo uliokwisha kuteswa uharibike zaidi. Eneo lililokufa likawa robo tu ya lile la mbwa ambao hawakutayarishwa. Majaribio yaliyofuata kwa wanyama yalionyesha kwamba radikali chache zinazotolewa katika mibano ile mifupi ni sehemu ya ujumbe unaoiambia seli ijiandae, na wanyama walipopewa dawa ya kuzizima, kinga ile ikatoweka. Mwaka 2007 panya wenye hitilafu moja ya kijenetiki walionekana kupata ugonjwa wa moyo huku seli zao zikiwa na glutationi iliyozidi. Seli ya moyo inaishi katikati, na ukiisukuma upande wowote inaumia.

Je, hakuna kabisa mgonjwa wa mshtuko wa moyo anayefaidika? Pengine yupo, ikiwa dawa inafika kwa wakati. Mshipa ulioziba unapofunguliwa, damu inaporudi, radikali hufumuka kwa wingi katika dakika za mwanzo. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa wagonjwa N-asetilisisteini, aina ya sisteini ambayo hospitali huitumia kwa aliyemeza parasetamoli kupita kiasi, kwa dripu na mapema, pamoja na nitrogliserini, dawa ya kupanua mishipa. Eneo la moyo lililokufa lilikuwa asilimia 11 kwa waliopewa na asilimia 16.5 kwa wasiopewa. Wagonjwa walikuwa 112 tu na haijawa tiba ya kawaida, lakini inaleta maana: kwa saa chache seli ile kweli ina upungufu, na inapewa kinachopungua wakati huohuo. Kidonge cha kila asubuhi kwa mtu mzima mwenye afya ni jambo jingine kabisa.

Msomaji makini ataniuliza: basi kwa watoto wetu wenye utapiamlo, si tuwape tu hiyo sisteini na seleni? Swali hili limejaribiwa jirani, Malawi. Ilijulikana kwamba watoto wenye kwashakoo wana glutationi kidogo, na utafiti wa Jamaica ulionyesha kuwa sisteini huwasaidia walio wodini kuirudisha. Kwa hiyo watafiti waliwapa watoto 2,372 wa vijijini Malawi unga wenye seleni, vitamini E, riboflavini na N-asetilisisteini, ili kuona kama kwashakoo itazuilika. Matokeo ya mwaka 2005: kwashakoo iliwapata asilimia 3.3 ya waliopewa unga huo na asilimia 1.9 ya wasiopewa. Haikuzuilika.

Jaribio hili linaikwaruza hoja yangu, nami silipitii haraka. Hapa palikuwa na upungufu, palikuwa na nyongeza, na hapakuwa na kinga. Nalielewa hivi: mtoto anayekula uji wa mahindi mtupu hajapungukiwa sisteini pekee. Amepungukiwa protini yote, anaharisha mara kwa mara, ini lake limechoka. Katika ugonjwa wa Keshan pengo kuu la lishe lilikuwa moja, likazibwa kwa kidonge. Kwa watoto wale mapengo yalikuwa mengi, na kinachobeba mengi kwa pamoja ni chakula kamili.

Na chakula hicho tunacho. Dagaa wa Ziwa Victoria, dagaa wa Kigoma, dagaa wa pwani: samaki mzima anayeliwa na mifupa na kichwa, mwenye methionini, sisteini, taurini na seleni kwa pamoja, na ambaye mama anaweza kumnunua kwa kipimo kidogo sokoni. Mayai nayo yamejaa asidi amino za salfa. Maharage yana laisini, asidi amino nyingine, nyingi na methionini kidogo, mahindi kinyume chake, hivyo makande ni mlo wenye akili. Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku na samaki wa kufugwa, na sehemu nyingine huoza kwa kuanikwa mchangani mvua zikinyesha. Fedha ya vichanja vya kuanikia na vikaushio vya jua ingelinda mioyo mingi kuliko kontena zima la vidonge.

Muhogo mchungu unahitaji kutajwa hapa. Mwili unapoondoa sumu ya sianidi iliyobaki kwenye unga usioandaliwa vizuri, hutumia salfa itokanayo na sisteini na methionini. Katika ukame wa Tarime mwaka 1985, na kwa miaka mingi huko Kwango nchini Kongo, familia zilizokula muhogo wa namna hiyo bila samaki wala maharage ziliona watoto na akina mama wakipooza miguu kwa konzo. Konzo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, si wa moyo, na sitaki kumtisha mtu na ugali wa muhogo. Ninachosema ni kwamba akiba ya salfa ni moja mwili mzima. Sianidi ikiipunguza, kinachobaki kwa glutationi ni kidogo, na seli za moyo zinategemea akiba hiyohiyo. Njia ya kupunguza sumu, kulowesha unga, kuutandaza na kuuacha saa tano kivulini au saa mbili juani kabla ya kusonga, imefundishwa katika vijiji vya Kongo na haigharimu chochote.

Upande wa pili wa soko kuna vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 1,000 za taurini na 80 za kafeini, na vijana wa bodaboda na madereva wa usiku wanayanywa mfululizo wakiamini taurini inawapa nguvu. Kinachowaamsha ni kafeini na sukari. Mwenye presha asiyejua kwamba ana presha anajiongezea mzigo huku akidhani anaupa moyo kinga. Mamlaka za dawa na chakula zinapaswa kuyashughulikia maneno yanayoandikwa kwenye chupa na makopo kwa ukali uleule zinaoutumia kwa dawa: anayedai bidhaa yake inalinda moyo aonyeshe jaribio kwa binadamu, si kwa panya.

Kuhusu seleni, mfano wa kuiga upo. Finland, ambako udongo ni maskini wa madini hayo, iliamua katikati ya miaka ya 1980 kuyaongeza kwenye mbolea ya nchi nzima, na kiwango cha seleni katika chakula kikapanda mara kadhaa. Malawi na Ethiopia zimepimwa nafaka zake na ramani ikachapishwa mwaka 2021, ikionyesha kwamba vijiji visivyo mbali sana vinaweza kutofautiana kabisa kwa seleni. Serikali zetu zinagawa mbolea ya ruzuku kila msimu, maana yake mkono wao umeshafika shambani. Zianze kwa kupima mahindi, wilaya kwa wilaya, na damu ya akina mama kliniki. Panapokutwa pengo, seleni iingizwe kwenye mbolea ya eneo hilo. Panapotosha, mbolea ibaki ilivyo.